Trekta Mlangoni kwa Shemeji

Kila asubuhi, akishamaliza chai, mzee wangu huchukua kopo la grisi na kitambaa kikuukuu, akavuka barabara kuu, akapita nyuma ya mashine ya kusaga, akaenda kupaka grisi trekta isiyolima. Imesimama kwenye uwanja wa nyumba iliyofungwa, imeziba mlango, na kuku wa majirani wameigeuza kitanda. Watu wanasema Dereva kichwa kimeanza kumruka. Dereva ndilo jina lake la mtaani. Mimi namwita mzee wangu, na nikikasirika namwita bwana mkubwa. Kichwa hakijamruka, ni mzima kuliko wengi wanaomcheka. Ana majuto tu, na majuto ya mtu mwenye mdomo mzito hayana pa kutokea, ndiyo maana ameyatafutia grisi.

Nyumba ile ni ya shemeji yangu, mdogo wake wa pekee. Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja, na kama una meno mazuri utafika umeshautupa. Nautaja umbali huu mapema kwa sababu ndio unaoniuma zaidi katika habari hii yote.

Trekta aliinunua baba mkwe, tayari ikiwa imechoka, siku shamba moja kubwa lilipofungwa na mali yake kuuziwa wenye kutaka. Alipoona miguu inaanza kumwacha, aliwaita wanawe wawili sebuleni. Mimi nilikuwa bado bibi harusi, nimepeleka maji ya kunywa, nikasimama mlangoni kwa kisingizio cha kusubiri bilauri. Akasema, "Wewe mkubwa, trekta ni yako. Wewe mdogo, plau na tela ni vyako. Anayetaka kulima akampigie mwenzake hodi." Wote tulimsifu. Tulisema mzee ana akili, amewafunga wanawe kamba moja. Siku hizi nikimkumbuka natamani angempa mmoja ng'ombe na mwingine mbuzi, yakaisha.

Lakini kwa miaka mingi ilikwenda kama alivyotaka. Plau ilikuwa ya kizamani, ina kiti chake na mkono wa kuinulia na kushushia sahani za kukatia udongo. Mzee wangu alishika usukani, shemeji alikaa nyuma juu ya plau na kofia yake ya majani, akitazama ardhi inavyofunguka. Ile injini ilikuwa inanguruma kiasi kwamba hata ukipiga yowe sikioni mwa mtu hasikii, kwa hiyo wakatunga lugha yao. Mluzi mmoja mrefu, nenda. Miwili mifupi, simama. Shemeji alitia vidole mdomoni na mluzi wake ukapenya mngurumo wote ule, na mzee wangu akatii bila kugeuza shingo. Jioni walirudi masikio yanavuma, wakala kimya, wakalala. Nilikuwa nikiwatania kwamba siku mmoja wao akitaka chumvi mezani atapiga mluzi. Walicheka wote wawili. Hawakuwa na shida na kutoongea, kwa sababu hawakuwa na cha kuongea ambacho mluzi haukitoshi.

Kisha mke wa shemeji akaugua, akalazwa hospitali, na shemeji akahamia huko, kitini kando ya kitanda. Ulikuwa msimu wa kulima na watu wamepanga foleni kulimiwa mashamba yao. Mimi nilikwenda kumwona mgonjwa. Mzee wangu nilimwambia twende, akasema kesho, acha nimalize shamba hili. Na kesho akasema kesho. Yule mama alikuwa anamuulizia, anasema, "Dereva yuko wapi, au ananiogopa?" Nami namtetea, nasema kazi zimembana.

Kazi zilimbana kweli, hadi akafanya lile lililotuharibia. Alikwenda kwenye banda la mdogo wake, hakuna mtu, akaifunua plau, akaifunga nyuma ya trekta, akamkalisha kibarua kwenye kile kiti. Kibarua hakuijua lugha ya mluzi. Wakavaa kisiki kilichozama ardhini. Shemeji angekiona mapema, angepiga miwili mifupi. Kibarua alipiga kelele tu, na kelele nani angesikia? Shingo ya plau, kile chuma kinene kinachoishika kwenye trekta, ikapinda. Mzee wangu aliinyoosha mwenyewe kwa nyundo kubwa, akairudisha bandani, akaifunika turubai vilevile, na mdomo akaufunga kufuli.

Mke wa shemeji hakurudi nyumbani. Tukamzika. Watu walipokwisha kutawanyika, shemeji akaenda bandani, nadhani alitaka tu kushika kitu anachokizoea, akaona alama za nyundo. Akaja kwetu. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi.

"Kaka," akasema, "kwa nini hukupiga hodi?"

"Ningepigia wapi hodi? Nyumba ilikuwa tupu."

"Hospitali. Nilikuwa hospitali. Ungekuja kupiga hodi hospitali."

Hapo ndipo mtu mwingine angeinamisha kichwa. Mzee wangu alijua kabisa kwamba hakuwa anaulizwa habari za plau. Lakini akibanwa ukutani huwa anauma. Akasema, "Unanijia juu kwa ajili ya plau? Plau bila trekta ni vyuma tu."

Nikasikia shemeji anaokota kofia yake. "Sawa, kaka," akasema. "Ni vyuma."

Hakurudi tena. Wala mzee wangu hakwenda kwake. Trekta bila plau haina kazi, na plau bila trekta vilevile, kwa hiyo kamba ya baba mkwe ikawakaba wote wawili. Mzee wangu akaisukumia trekta nyuma ya nyumba, kwenye ule mteremko unaoshuka barabarani, akaiwekea jiwe chini ya tairi, akaifunika mabati, akatafuta kazi ya kuendesha lori la kiwanda cha mbao. Miaka ikaenda. Shemeji nilikuwa namwona kwenye misiba na harusi, tunasalimiana vizuri, ananiuliza, "Yule mzima?" namjibu, "Mzima," basi. Wakikaa kwenye hema moja, mmoja atakuwa upande wa jua na mwingine upande wa kivuli.

Kiwanda cha mbao kilipompumzisha, mzee wangu alikaa nyumbani akinihesabia vijiko. Siku moja nilimtuma dukani, akarudi bila chumvi niliyomwagiza, uso umemshuka. Alikutana na mdogo wake njiani. Walisimama wakatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake afungue mdomo, kisha lori likapita katikati, na vumbi lilipotulia shemeji alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Anatembelea fimbo," aliniambia. "Mguu wa kulia anauburuta. Mdogo wangu anatembelea fimbo, mimi sijui."

Hakula. Kesho yake asubuhi nilisikia mabati yanavutwa nyuma ya nyumba.

Ile trekta ilikuwa imekufa, nisiitie chumvi. Kiti kilibaki springi tupu, nyigu wamejenga kwenye bomba la moshi, panya wamezaa ndani ya boneti, na injini imekwama kama jiwe. Sisi nasi tulikuwa tunaishi kwa kufunga mkanda. Alichopewa kiwandani kilikwisha kwenye bati la nyumba. Nikamuuliza, "Bwana mkubwa, utaifufua na nini?"

"Na muda," akasema. "Muda ninao."

Muda kweli alikuwa nao. Alifungua nozeli, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya silinda, akaziacha zilowe. Kila asubuhi alishika feni ya injini kwa mikono miwili, akaisukuma kidogo huku, kidogo kule. Haikutikisika. Anamimina tena, anaiacha. Nikamwambia aifunge nyuma ya lori la jirani livute, mambo yaishe. Akaniangalia kama nimetukana. "Ukiilazimisha inavunjika ndani. Kitu kilichokwama muda mrefu unakilainisha taratibu, kila siku kidogo, mpaka chenyewe kikubali."

"Ungemfanyia hivyo ndugu yako," nikasema. Akajifanya hajasikia.

Tanki lilikuwa limeoza kutu ndani. Akatia kokoto na kipande cha mnyororo, akalifunga magunia, tukawa tunalibingirisha uani, yeye upande huu mimi upande ule, watu wazima wenye wajukuu, tunacheza na pipa. Gasketi alikata kutoka kwenye katoni nene la sabuni, akaliloweka kwenye oili. Mpira wa rejeta aliuokota kwenye pampu ya maji iliyotupwa. Tairi la nyuma lililopasuka alilishona kwa ndani na ngozi ya tairi jingine, sindano anachonga mwenyewe kwa msumari. Mto wa kochi langu ukahamia kwenye kiti cha dereva, na sufuria yangu kubwa ikawa beseni la kuogeshea nati. Nilipoidai aliniambia haifai tena kupikia, nikamwambia hilo nalijua, nataka tu kuilia. Nyama ikawa mgeni kwetu. Kitu pekee alichoshindwa kukitafutia ujanja ni betri. Betri haikatwi kwenye katoni. "Haina neno," akasema. "Mteremko ndio betri yangu. Nikiiachia ishuke, itawaka yenyewe. Ila nikishaiwasha sitaizima mpaka nirudi hapa juu."

Siku feni ilipotikisika alikuja jikoni, akanishika mkono, akanipeleka nyuma, akanionyesha. Ilizunguka kiasi cha upana wa kidole. Nilimwona machozi, nikatazama pembeni nisimwaibishe.

Basi nikasema sasa atakwenda. Hakwenda. Alitaka kila kitu kiwe tayari kwanza. Mpango wake ulikuwa huu: mvua zikikaribia, ataiendesha hadi kwa mdogo wake, asimwambie mtu, shemeji atausikia mlio, atatoka na kofia yake, ataleta plau, watalima shamba la baba yao pamoja kama zamani. Maneno yote yaliyomshinda aliyakabidhi kwa trekta iende kumsemea.

Tuligombana sana juu ya hilo. Nilimwambia, "Nenda kwa miguu. Leo. Samahani haihitaji dizeli."

"Nikienda mikono mitupu nitasema nini?"

"Utasema samahani."

"Halafu?"

"Halafu utanyamaza, kama kawaida yako."

"Wewe hujui mambo ya wanaume," akasema, akarudi chini ya injini. Na mimi nakiri sijui. Ningependa mtu mmoja anieleze ni mambo gani hayo yanayomfanya mtu aone ni rahisi kushona tairi kuliko kusema neno moja.

Pale mtaani kuna mtu tunayemwita Kilo. Ananunua chuma chakavu, anapita na mkokoteni na mizani yake, na habari anazibeba bure juu ya mzigo. Alisikia nyundo, akachungulia. "Dereva, kulikoni? Unatengeneza?"

"Natengeneza nini? Nafungua vyuma. Nauza."

"Utaniuzia mimi?"

"Tutaona."

Kilo akaondoka anapiga mbinja. Nikamwambia mzee wangu, "Kwa nini umemwambia hivyo? Yule mdomo wake ni redio."

"Ndiyo maana. Sitaki habari zimfikie. Nataka asikie mlio tu, ghafla."

Zikapita wiki. Kilichobaki kilikuwa kile chuma cha nyuma ambapo plau inafungwa. Kilikuwa kimeliwa na kutu hadi ukikigonga kinamwagika. Chuma kinene namna ile hakikatwi kwenye katoni wala hakiokotwi. Akaenda uwanjani kwa Kilo kupekua. Alirudi anatabasamu, kitu begani kimefungwa gunia.

"Tazama bahati," akasema. "Tazama unene huu. Na matundu yake, tazama, yanakaa sawasawa na nati zangu, kama kimetengenezwa kwa ajili yangu. Kilo amekikata juzi tu kwa moto. Na hakina kutu hata chembe, bado kina grisi. Aliyekuwa nacho alikuwa mtu anayejua kutunza."

Alikifunga pale pale, akakipiga rangi nyeusi siku ile ile. Alikuwa na haraka, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Alikitazama unene, akayatazama matundu. Chuma chenyewe hakukitazama.

Asubuhi ya safari alivaa shati la kanisani. Mimi nikapanda juu ya madigadi ya tairi la nyuma, nimeshika bomba. Akaliondoa jiwe. Trekta ikaanza kushuka, kimya kwanza, kama mtu anayejifikiria, kisha akaachia klachi, ikakohoa, ikatema moshi na kiota cha nyigu, ikanguruma. Majirani walitoka nje wote. Nilipiga vigelegele, siwezi kuficha. Mzee wangu hakutazama kulia wala kushoto. Alikuwa kijana tena, mgongo umenyooka.

Tulipopita nyuma ya mashine ya kusaga nilimwona shemeji kwa mbali. Mlio alikuwa ameutambua kabla hata hatujakata kona. Alikuwa anatoka nyumbani kwake haraka kuliko fimbo ilivyoweza, na kichwani, jamani, alikuwa na ile kofia ya majani. Sijui aliitoa wapi. Tukaingia uwanjani, akatia vidole mdomoni, akapiga miwili mifupi. Mzee wangu akasimama hapo hapo, mbele ya mlango kabisa, bila kufikiri, kama anavyotii siku zote. Injini akaiacha inanguruma, maana pale ni tambarare.

Walitazamana na kucheka kama watoto. Shemeji akaizunguka trekta, anapapasa boneti, anagonga tairi lililoshonwa, ananionyesha mto wa kochi langu na kunitikisia kichwa. Mzee wangu kwa mkono akaonyesha banda: leta plau. Nami nikageuka kutazama banda.

Lilikuwa tupu. Turubai limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya benchi. Na kibarazani nikaona mabegi yamefungwa kamba.

Shemeji alikuwa amefika nyuma. Akainama pale kwenye kile chuma cheusi. Akakipitishia kidole gumba, taratibu, akarudia mahali pamoja, kisha akabandua rangi kidogo kwa ukucha. Chini ya rangi mashimo ya nyundo yalikuwa yanaonekana wazi. Alinyoosha mgongo akamwita kaka yake kwa mkono. Mzee wangu akashuka. Shemeji akamchukua mkono, akamwekea kidole pale pale. Niliona mzee wangu anatambua. Alikuwa ameyapiga mwenyewe yale mashimo, na uso wake ulibadilika rangi ukawa wa jivu.

Akasema kitu. Niliona midomo inasogea. Shemeji akatega sikio, akatikisa kichwa, hasikii. Mzee wangu akasema tena, kwa sauti zaidi. Injini ikameza yote. Shemeji akafungua viganja: unasemaje?

Mzee wangu akatazama barabara, akatazama uwanja ule usio na mteremko hata wa kubingirisha chungwa. Kisha akanyoosha mkono, akaizima.

Nilisikia maji yakichemka ndani ya rejeta.

"Nisamehe," mzee wangu akasema. "Ningekuja hospitali. Nilitakiwa nije."

Shemeji alikaa juu ya tairi la mbele, kwa sababu ya mguu. Akasema bila hasira, na ingekuwa kwa hasira ningelala vizuri zaidi, "Kwa hilo ulihitaji trekta?"

Akaendelea, anazungusha kofia mkononi. "Kilo aliniambia unaiuza vipande vipande. Nikamwambia mwongo wewe, kaka hawezi, akitaka kuiuza atakuja kuniambia. Nikawa nasubiri. Hukuja. Kilo akapita tena, akasema nyundo zinalia kutwa nzima. Binti yangu ananiita kwake tangu mguu huu ulipoanza. Kila akinipigia namwambia siwezi kuondoka, plau iko bandani, baba yako mkubwa anaweza kuja kupiga hodi asinikute. Miaka yote hii ananicheka kwa neno hilo. Nilikuwa naipaka grisi kila masika yakikaribia." Akaweka kofia gotini. "Sasa trekta ikiuzwa, mimi ninasubiri nini? Nikamwambia Kilo achukue. Aliponiuliza ni nini hiki, nikamwambia ni vyuma tu."

Mzee wangu alipiga magoti. Sijawahi kumwona amepiga magoti mbele ya mtu. Shemeji akamshika bega, akamwambia, "Inuka bwana, shati la kanisani hilo," na wote wawili wakalia, nami juu ya madigadi nikalia peke yangu kwa sauti, sikuwa na wa kuniambia inuka.

Unaweza kudhani alibaki. Mimi nilidhani. Lakini shamba la baba yao, sehemu yake na yetu iliyokaa bure, alikuwa amelikodisha kwa misimu kadhaa, mtu ameshaanza kufyeka. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini, amemtengea chumba, amemtafutia daktari wa mguu. Shemeji si mtu wa kugeuza neno, hilo walirithi wote. Zilibaki siku chache, na siku hizo mzee wangu alikwenda asubuhi akarudi jioni. Walikaa kwenye kivuli cha trekta. Nilipowapelekea chai niliwakuta wanaongea bila kukoma, wanakatizana, maneno ya miaka yote yamewatoka kwa mpigo mmoja, na yalikuwa matamu hadi nikaondoka haraka. Nilijua yalivyokuwa mengi. Yangetosha miaka.

Vijana wa mtaa walijitolea kuisukuma trekta hadi iwake, mzee wangu airudishe nyumbani. Akakataa.

Siku binti alipokuja na gari, shemeji alifunga nyumba kwa kupenya kwa ubavu kati ya mlango na tairi. Akiwa tayari amekaa kwenye gari, akatoa kichwa dirishani. "Kaka, sasa hili dude nani atalitoa mlangoni kwangu?"

"Njoo ulitoe mwenyewe," mzee wangu akasema.

Shemeji akacheka. Binti akanisalimu, akamsalimu baba yake mkubwa, akasema njia ni ndefu, akawasha. Gari likatoka uwanjani. Mzee wangu alitembea nyuma yake hatua kadhaa, kisha zikawa haraka, kisha akasimama katikati ya barabara, akatia vidole mdomoni. Akapiga miwili mifupi.

Niliona kichwa cha shemeji kikigeuka kule nyuma ya kioo. Aliinua mkono. Lakini aliyeshika usukani alikuwa binti, na binti hakufundishwa lugha ile; akakata kona ya mashine ya kusaga, vumbi likabaki. Mzee wangu akapiga tena, miwili mifupi, kwa barabara tupu. Kisha akafuta vidole kwenye suruali, akaniuliza kama nyumbani bado kuna grisi.